Kivuli Kilichoruka katika Kanda ya Abubakar

Abubakar Matano wa Gazi hakufuga jini. Lisemwe hilo kwanza, kwa kuwa yamesemwa mengi vibarazani na watu ambao hata kizingiti cha nyumba yake hawakupata kukivuka. Alikuwa mpiga picha za video za harusi, na mwaka 1998 alitengeneza filamu. Mkewe, ambaye ndiye anayeandika haya, alikuwepo.

Harusi zilikuwa haba mwaka ule na kamera imekaa bure. Mamake, Bi Mwanapili, alikuwa amefariki, na Abubakar, aliyewapiga picha mabibi harusi wa pwani nzima, hakuwa na hata moja ya mamake akitembea. Jambo hilo lilimkera. Basi akachota udongo, akauchanganya na mafuta ya nazi usikauke, akafinyanga bibi wa shibiri moja aliyejitwika sinia la vitumbua. Hakumtia macho wala mdomo. Kuumba, alisema, si kazi yake. Akamsimamisha mezani, penye dirisha. Akawa anausogeza mguu kidogo, anawasha kamera, anaizima. Kisha anausogeza tena. "Haya mama, sasa wa kushoto." Kutwa nzima bibi alikwenda hatua sita.

Jirani mmoja, jina lake lisitiriwe, alichungulia. Kabla magharibi haijaingia, mji mzima ulijua kwamba Abubakar ana kinyago anachokisemesha.

Uvumi ukafika Msambweni kwa Mzee Waziri, ambaye mwanawe alikuwa amemposa Twaiba, binti wa nyumba hii. Posa ikataka kuvunjika. Twaiba hali, halali. Filamu ilikuwa imekwisha siku Mzee Waziri alipokuja na dadake.

"Bwana Abubakar, tumesikia unafuga."

"Nafuga kuku, mzee mwenzangu. Na hicho kingine nacho njooni mkione."

Akawawashia televisheni. Dakika mbili tu. Bibi wa udongo akavuka meza, bega moja chini, kisigino kikipiga pindo la kanga. Dadake Waziri akashika kifua.

"Lahaula! Si Mwanapili huyu? Vitumbua vyake tumevila, na mwendo wake ndio huu huu!"

Waziri hakuridhika. "Na kivuli je? Kilikuwa kifupi, mara kimekuwa kirefu. Tena hapa, mara ya pili! Nani anakirusha?"

Abubakar akainamisha kichwa kama fundi aliyeshikwa na kosa.

"Hapo pana aibu yangu. Adhana ya adhuhuri ilinikuta kazini. Nikaenda kuswali, nikarudi nikala, kumbe jua halikuningoja. Na hapo pa pili ni alasiri. Nilitaka kuficha, nikashindwa."

Waziri akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Jini gani huyu, mwenye adabu ya kumwachia mtu nafasi akaswali! Rudisha kanda, bwana, tumwone bibi tena."

Waliitazama mara nne. Walipoondoka, siku ya harusi ilikuwa imetajwa, na Twaiba alikuwa jikoni akikwangua ukoko wa sufuria.

Tangu Abubakar atangulie mbele ya haki, wapo wanaobisha hodi kuuliza yule bibi wa udongo aliwekwa wapi, na kama kanda yaazimwa. Kanda haiazimwi. Bibi yuko alipo. Na mjane wa Abubakar hana neno jingine.