Sikio la wajina wangu limejibu

Leo mashine imemnyamazisha mtu aliyetushinda sisi wote.

Mama mkwe wa binti yangu. Wiki mbili amekuwa akigonga sufuria juu ya kichwa cha mjukuu wetu mchanga. Mtoto akiendelea kulala tu, ati, "Huyu ni kiziwi. Ni damu ya kwenu."

Binti yangu amelia mpaka maziwa yakapungua.

Basi leo tumeenda hospitali hapa Nyeri. Daktari akamwekea mtoto kidude cha mpira sikioni, angali amelala.

Huyo mama akacheka. "Aliyelala atajibu nini?"

"Simuulizi mtoto, nauliza sikio," daktari akasema. "Sikio zima likipewa sauti, hurudisha yake ndogo kutoka ndani, na mashine huishika. Lakini kelele zako zinaifunika, mama. Ngoja nje."

Akatoka! Na kile kitambaa chake cha kanisa kichwani!

Nikampungia mkono dirishani. Kama nimekosea, semeni hapa chini.

Masikio yote mawili yamejibu. Binti yangu amelia tena, lakini machozi ya leo ni matamu.

Kwa hivyo sufuria mtoto alizisikia zote, akaona hakuna haja ya kuamka.

Si ana jina langu? Mimi pia humsikia huyo mama kila siku, na nalala vizuri.