Mikono ya Mama Silas

Kwa miaka kumi na miwili Margaret Jilo alikuwa na hakika ya jambo moja, kwamba mama mkwe wake, Mama Silas, ndiye aliyewaua wanawe wawili. Wala hakulisema kwa kunong'ona. Alilisema kisimani, akalisema nje ya kanisa watu wakitoka ibadani, na siku moja alilisema mbele ya mumewe na wazee wa ukoo wote, amesimama, leso kiunoni. Ulimi hauna mfupa, ndugu yangu, lakini wa Margaret siku ile ulivunja nyumba.

Usimwone mbaya kabla hujasikia. Kijijini kwao, ng'ambo ya mto kutoka Garsen, mtoto akizaliwa hukandwa na nyanya yake, mama wa baba. Kila asubuhi, siku arobaini na zaidi, nyanya humlaza mjukuu kwenye mapaja, akapaka mafuta ya simsim viganjani, akamnyoosha kiungo kwa kiungo hadi kidole cha mwisho. Mama Silas alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Nusu ya kijiji ilipita kwenye mapaja yake, mchungaji wa kanisa akiwemo, na mtu akitembea wima watu walikuwa wakisema huyu alikandwa na Mama Silas.

Basi Isaac alizaliwa, mtoto wa kwanza wa Margaret, akakandwa. Alipofika miezi saba vidole vyake vikavimba vyote, vya mikono na vya miguu, akawa analia hataki hata shuka imguse. Zahanati walipewa dawa ya malaria wakarudi nyumbani. Ukaja uvimbe mwingine, homa nyingine, macho yakageuka manjano, na kabla hajatimiza miaka mitatu wakamzika. Akazaliwa Griffin. Akakandwa na mikono ile ile, akavimba mahali pale pale, akaenda na miezi kumi na minne. Palipoguswa ndipo palipovimba. Sasa hapo mama aliyefiwa mara mbili utamwambia nini?

Aliwaambia wazee kwamba Mama Silas ana mkono mbaya, na akamwambia mumewe achague. Silas ni mtu mpole, mkulima wa mpunga na maembe, asiyeweza kugombana hata na tumbili wanaokula maembe yake. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa jibu. Kesho yake Mama Silas alifunga leso mbili na sufuria moja akaenda kwa kaka yake Kilelengwani. Mwaka uliofuata akazaliwa Joy. Joy hakukandwa na mtu, na Joy hakuvimba hata ukucha. Alinenepa, akaota meno, akaanza shule. "Mnataka ushahidi gani tena?" Margaret alikuwa akiuliza, na hakuna aliyekuwa na la kumjibu.

Agosti hii Silas alijaribu tena kumrudisha mama yake. Alisema mama amezeeka, macho yanapungua, na si vizuri afie shambani kwa watu wakati ana mtoto mwenye nyumba ya mabati. Margaret alikuwa anachambua maharagwe, hata hakuinua kichwa. "Baba Joy, siku atakayoingia yeye kwa mlango huo, mimi nitatokea wa nyuma na mtoto wangu." Nyumba yenyewe haina mlango wa nyuma, lakini Silas alielewa.

Sasa tuje kwenye habari ya mtihani. Margaret ni mpishi wa shule moja ya upili hapa Garsen. Zamani alimaliza kidato cha nne na kupata alama ya D katika biolojia, na alama ya D haimpeleki mtu chuo cha uuguzi. Tangu amzike Griffin alikuwa na hamu ya kuwa muuguzi, awe yule ambaye yeye hakumpata pale zahanati. Mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na minane, alijisajili kurudia mtihani wa kitaifa. Mwalimu mkuu alimruhusu akae nyuma darasani akishaosha sufuria. Wanafunzi walimpa jina Mama Mwiko, naye akawaambia wakimcheka watakula githeri bila chumvi, na yaliishia hapo.

Alisoma kwa bidii ya kuchekesha. Alibandika mchoro wa moyo juu ya gunia la mahindi na wa figo juu ya maharagwe, akawa anapima nafaka huku akitaja mishipa. Akikatakata nyama ya karamu ya shule, wasaidizi wake walikuwa wakichoka kusikia hii ni vali, hii ni aota. Sura moja tu ndiyo iliyomshinda, ile ya urithi, ya herufi kubwa na herufi ndogo. Aliiacha ya mwisho, kama watu wanavyoacha kulipa deni.

Mwalimu wa biolojia, Madam Ifrah, msichana wa kutoka upande wa Hola mwenye sauti ndogo na subira kubwa, aliileta sura hiyo Jumamosi moja mchana, wiki saba kabla ya mtihani. Aligawa karatasi ya miaka iliyopita akachora visanduku vinne ubaoni. Akasema kuna kitu mzazi anaweza kukibeba katika damu bila kuonekana kwake, na akikutana na mwenzake anayekibeba pia, wakazaa, kitu hicho kinaweza kujitokeza kwa mtoto.

Watu wakaduwaa. Ni Kuno aliyeokoa darasa, kijana wa Kiorma ambaye babake ana ng'ombe wengi kuliko viti vya shule. "Madam, hiyo hata sisi tunaijua," akasema. "Fahali mweusi na ng'ombe mweusi, wanazaa ndama mwekundu. Wekundu ulikuwa kwao wote wawili, umejificha. Sasa utamlaumu aliyemkamua?"

Darasa likacheka. Margaret naye akacheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza ile sura ilimwingia. Akachora visanduku vyake vinne, akavijaza mwenyewe, akaona raha.

"Vizuri," Madam akasema. "Twende swali la saba. Wazazi wazima wawili wamepata mtoto mwenye sikoseli, ugonjwa wa chembe nyekundu za damu kupinda kama mundu. Chembe zikishapinda haziteremki vizuri kwenye mishipa midogo, zinakwama. Nani atanitajia dalili kwa mtoto mchanga?" Hakuna aliyejua, akasoma mwenyewe. "Miezi sita ya kwanza huwa mzima. Baadaye vidole vya mikono na miguu huvimba kwa maumivu. Homa za mara kwa mara. Macho kuwa manjano."

Kalamu ya Margaret ilikuwa katikati ya neno. Haikuendelea. Alinyoosha kidole.

"Madam. Na kama mtoto huyo alikuwa anakandwa?"

"Kukandwa vipi, Mama Joy?"

"Na nyanya yake. Vidole."

Mtu mmoja akaguna kwa kicheko. Madam Ifrah alidhani ni swali la mtu mwenye bidii, akajibu kama anavyojibu maswali yote. "Kukanda hakuleti sikoseli na hakuiondoi. Amezaliwa nayo. Nusu imetoka kwa baba, nusu kwa mama. Andikeni, swali hili huwa na alama nne."

Alama nne. Margaret alizitazama zile chembe kwenye karatasi, zimechorwa vizuri na mtu asiyemjua Isaac. Visanduku vinne alivyovichora kwa raha bado vilikuwa mbele yake. Mtoto mmoja kwa wanne huenda akaugua, na kila mimba huanza upya kama haikutanguliwa na nyingine. Kwa hiyo Joy hakupona kwa sababu nyanya aliondoka. Joy angepona hata kama angekandwa kutwa kucha. Ule ushahidi wake mkubwa, ule aliowazibia watu midomo nao kwa miaka kumi na miwili, haukuwa ushahidi wa kitu chochote. Alitoka nje akaketi chini nyuma ya jiko. Wasaidizi wakamletea maji wakidhani ni mimba.

Hakutaka kusadiki, na nani angetaka? Jumatatu alimburuta Silas hospitali wakatolewa damu, na Joy pia. Majibu yalichukua wiki nzima kurudi. Wote wawili, mume na mke, walikuwa wanaibeba. Joy naye anaibeba kama wao, hataugua, ila siku ya kuolewa itabidi bwana harusi apimwe. Daktari alieleza kwa upole, akamaliza, akauliza kama wana swali. Silas alikuwa nalo moja tu, na hakumwuliza daktari. Alimwuliza mkewe kule nje, kwa sauti ambayo Margaret hakuwahi kuisikia.

"Kwa hiyo mama yangu nilimfukuzia nini?"

Margaret alikuwa na aibu, aibu nzito ya kumfanya mtu aone hata miguu yake mwenyewe si ya kutazamwa.

Jumamosi iliyofuata alipanda bodaboda na Joy kwenda Kilelengwani. Silas alitaka kuja, akamkataza. Aliyesema ni yeye, na wa kwenda kumeza maneno ni yeye. Njiani alipanga jinsi atakavyotukanwa, na kwa kweli alitamani matusi. Alibeba daftari la biolojia na karatasi ya hospitali, na chupa ya mafuta ya simsim aliyoinunua bila kujua kwa nini.

Walimkuta kizee amekaa mkekani nje ya nyumba ya kaka yake, anapepeta mchele. Amekonda. Joy, ambaye alikuwa akimwona nyanya yake kwa mara ya kwanza, aliamkia "Shikamoo, nyanya" akanyoosha mkono. Mama Silas aliitikia "Marahaba" vizuri sana, kwa tabasamu, na papo hapo akaichukua mikono yake akaificha chini ya leso. Mkono wa mtoto ukabaki hewani.

Margaret alipiga magoti mchangani. Alieleza yote, kuanzia ng'ombe wa Kuno hadi karatasi ya hospitali, akafungua daftari akamwonyesha visanduku, mtu ambaye hajawahi kushika kalamu. Akasema, "Mama, hukuwafanya kitu. Mimi ndiye niliyekuua. Nisamehe."

Kuku walikuja wakaanza kula mchele kwenye ungo, Mama Silas asiwafukuze.

"Soma tena pale pa vidole," akasema.

Margaret akasoma tena. Kizee akatikisa kichwa polepole.

"Unajua, mkazamwana, huku hawakuijua habari ile. Wewe hukuileta, na kaka yangu hakuisema. Nilipofika wanawake waliniletea watoto, walikuwa wamesikia kwamba ninakanda. Nikawakatalia. Mmoja baada ya mwingine, nikiwaambia mikono inaniuma." Akaitazama leso iliyoifunika mikono. "Haikuwa inaniuma. Nilikuwa nimekusadiki. Nilisema Margaret ni mtu wa shule, hawezi kusema kitu bure. Miaka yote hii kila alfajiri naisugua mikono hii kwa majivu kabla sijagusa chakula cha watu. Nikijua nimewaua wajukuu zangu."

Margaret alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alifikiri alimnyang'anya mama huyu nyumba na mtoto, kumbe alimnyang'anya hata ule uhakika wa mtu kwamba hana kosa, kitu ambacho hata mfungwa anaweza kubaki nacho.

"Na Silas," mama mkwe akauliza, "yeye aliipata wapi hiyo ya kubeba?"

"Kwako, Mama. Au kwa marehemu baba. Hatujui."

"Pengine kwangu basi."

"Pengine."

"Lakini si mikononi."

"Si mikononi, Mama."

Mama Silas aliitoa mikono chini ya leso akaiweka juu ya magoti, kiganja juu, akaitazama. Ilikuwa na makovu meupe ya majivu kwenye vikunjo. Margaret alisubiri aambiwe amesamehewa, au aambiwe aondoke, na hakuambiwa lolote kati ya hayo mawili siku ile.

"Joy," kizee akaita. "Nenda nyumba ile yenye mlango wa buluu. Mke wa mpwa wangu amejifungua, alikuja hapa juzi nikamrudisha. Mwambie alete mtoto." Kisha, bila kumtazama Margaret, akanyoosha kiganja kuelekea kwake. "Hiyo chupa umeileta ya nini? Lete."

Margaret akammiminia mafuta. Mtoto aliletwa, wa wiki nne, amelala, hana habari. Mama Silas alimlaza mapajani akaanza na vidole.