Kufunga Kama Bibi Harusi

Kwa wakwe zangu, Butiama, mbuzi akitoroka zizini hakuna anayemlaumu mbuzi. Wanauliza nani alifunga mlango, na akishajulikana wanamwambia, "Umefunga kama bibi harusi." Watoto wa siku hizi wanalisema neno hilo bila kujua lilikotoka. Bibi harusi mwenyewe ni mimi. Nimelisikia kwa miaka kumi na minne, juu ya mlango wa zizi, juu ya gunia la mtama lililomwagika, hata juu ya vifungo vya sare ya shule ya mwanangu mwenyewe, na chanzo chake ni shali.

Kufuma nilijifunza Nyegina, nikiwa msichana, kwa mtawa mmoja aliyekuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa uzi. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe. Ukikosea, hakusema neno. Alichukua kazi yako, akachomoa spoku, akavuta uzi mpaka pale ulipokosea, akakurudishia. Kwetu ni Suguti, chini huko kando ya ziwa, ambako joto halimruhusu mtu kufikiria sufu, kwa hiyo mama yangu alikuwa akinitazama na masweta yangu akicheka. "Unamfumia nani, samaki?" Sikuwa na jibu mpaka nilipochumbiwa na mtu wa Butiama. Kule vilimani asubuhi za mwezi wa saba zina upepo unaoingia mpaka kwenye meno.

Ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba bibi harusi anapoingia mara ya kwanza baada ya harusi anamletea mama mkwe zawadi, na zawadi hiyo inafunguliwa mbele ya wanawake wote. Niliamua kumfumia shali. Nilikwenda Musoma mjini, kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa aliyekuwa akiuza nyuzi, vifungo na zipu karibu na soko. Nilikuwa nimeshika uzi wa pinki. Akaninyang'anya taratibu.

"Unampelekea nani, mwanangu?"

"Mama mkwe, mzee."

"Basi achana na hiyo. Mama mkwe mpelekee damu ya mzee."

Ndivyo tunavyoiita rangi ile nyekundu iliyokolea, inayokaribia kahawia. Nikachukua madonge yote aliyokuwa nayo. Shali yenyewe ilikuwa kazi rahisi, vitanzi sitini, kwenda na kurudi, mstari kwa mstari, bila urembo wowote. Lakini harusi inakula siku. Asubuhi ya safari nilikuwa bado nafuma, na mstari wa mwisho nilikuwa naufunga ndani ya gari.

Kufunga, kwa wasiofuma, ni kupitisha kitanzi juu ya kitanzi mpaka kibaki kimoja. Hicho kimoja unapitisha ndani yake mkia wa uzi, unakaza, kazi imeisha. Usipofanya hivyo, kazi yote inaning'inia kwenye kitanzi kimoja kilicho wazi. Gari lilipokata kona ya kuingia kwao nilikuwa nimebakiza kitanzi hicho. Wanawake walishaanza vigelegele. Nikausukuma mkia chini ya mistari kwa kidole, nikakunja shali, nikashuka.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mrefu, na mikono yake imekamua ng'ombe tangu akiwa mtoto. Alikaa kwenye kigoda, wanawake wamemzunguka, akaifungua ile shali juu ya mapaja. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Halafu vidole vyake vikauona mkia.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Ni mwisho wake, mama."

"Mwisho gani unakaaga hivi?"

Akavuta. Ukaja. Akavuta tena. Wanawake wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu alikuwa haachi. Alivuta mstari baada ya mstari, huku akiuzungusha uzi mkononi jinsi mtu anavyokunja kamba, na macho yake yalikuwa kwangu muda wote. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akisoma viatu vyake. Vitanzi vya mwanzo kabisa, vile nilivyovianza nikiwa na furaha ya uchumba, navyo vikaisha. Mapajani pake pakabaki kanga yake tu.

"Mwanangu ameniletea mtu hajui kufunga," akasema, akaingia ndani na lile donge.

Nilimchukia. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilikaa kwenye mkeka nikala wali wa harusi yangu, tonge kwa tonge, mpaka nikamaliza sahani. Na hapa niseme jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia: nilijua kwamba sijafunga. Nilijua tangu kwenye kona. Kujua hakukupunguza chuki, kuliiongeza, kwa sababu mtu aliyekuonea kabisa unaweza kumwachia Mungu, lakini aliyekuumbua kwa kosa lako mwenyewe lazima umshughulikie wewe.

Nikaweka nadhiri yangu pale pale. Siku moja mwanamke huyu ataniomba nimfumie, kwa mdomo wake, mbele ya wanawake walewale. Na akishaomba, nitamtaka aseme kwamba alinikosea. Sikutaka kingine.

Tulihamia Bunda, mume wangu alikopangiwa kazi, na mimi nikaanza kufuma kofia na soksi za watoto wachanga. Nilizipanga kwenye meza ndogo karibu na hospitali, nikapata jina. Kila mwezi wa saba tulipokwenda Butiama nilibeba mfuko. Mwaka wa kwanza nilimfumia wifi yangu shali ya bluu, yenye matundu ya maua pembeni. Mwaka uliofuata wake wenza wa jirani, wote wawili, ili wasigombane. Baba mkwe nikamfumia kofia, akafa nayo. Watoto masweta. Vitambaa vya makochi vya kroshia nikapeleka nyumba kwa nyumba, vyeupe, hadi kwa mwenye kochi moja. Nilimfumia soksi mzee mchungaji wa ng'ombe, ambaye hakuwahi kuvaa soksi tangu azaliwe na ambaye alizivaa mikononi.

Yeye peke yake sikumfumia hata uzi mmoja. Asubuhi tulipoota jua nje, boma zima lilikuwa limejifunika kazi ya mikono yangu, na katikati yake amekaa mama mkwe na kitenge mabegani, ameshikilia kikombe cha uji kwa mikono miwili apate joto. Nilikuwa nampelekea uji mwenyewe. Nilipiga magoti, nikamwamkia vizuri, nikamwongezea sukari. Hakuna aliyeweza kusema nina adabu mbaya. Waswahili wana methali, mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa naipika kila asubuhi pamoja na uji.

Mume wangu aliwahi kuniambia, tukiwa njiani kurudi, "Mama anapigwa na baridi."

"Mitumba Bunda ipo tele," nikamjibu. "Mnunulie."

Alimnunulia sweta la mtumba. Alilivaa mwaka mmoja, likaishia kwa mbwa aliyezaa.

Hakuomba. Mwaka wa tano hakuomba, wa nane hakuomba. Alikuwa akitazama mikono yangu ikifuma, anatazama kabisa, halafu anaangalia ng'ombe. Mbuzi akitoroka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema lile neno la bibi harusi.

Mwaka jana alishikwa na kichomi, akalazwa. Alipotoka, daktari alisema kifua na mabega visipigwe na upepo. Jumapili moja tulikwenda kumwona. Ilikuwa baada ya misa, wanawake wamekaa uani wanachambua dagaa, wifi yangu akiwa miongoni mwao na shali yake ya bluu, imepauka lakini iko nzima. Mama mkwe akamtuma mjukuu ndani alete kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye kutu kwenye mfuniko. Akanipa mimi.

Ndani mlikuwa na donge la uzi wa damu ya mzee.

Nilijua uzito wake kabla sijautoa. Haukupungua hata pima moja. Katika nyumba ambayo kipande cha kamba kinagombaniwa, hakuwa ameukata kumfunga kuku mguu, wala kufunga mbegu, wala kushonea gunia.

"Nifumie," akasema. Wanawake wote walisikia. "Na safari hii ufunge."

Nilingoja neno lile miaka kumi na mitatu, na alipolitoa alilitoa likiwa na mwiba. Nikasema sawa mama, nikafunga kopo.

Uzi uliofumuliwa una kinyongo. Unabaki na mikunjo ya vitanzi vya zamani, unajiviringisha, haukubali kunyooka. Bunda niliuzungusha mizunguko mirefu kwenye mgongo wa kiti, nikaosha kwa maji ya vuguvugu, nikautundika kwenye kamba na jiwe limefungwa chini ili liuvute. Ulinyooka kiasi. Nikaanza vitanzi sitini, kwenda na kurudi. Nilifuma vizuri kuliko nilivyowahi kufuma kitu chochote, kwa sababu nilitaka aipende shali hiyo. Nilitaka aipende sana kabla hajajua iko katika hali gani.

Maana nilifuma mpaka mwisho na kile kitanzi cha mwisho nikakiacha wazi. Makusudi. Mkia nikauacha mrefu, unaonekana.

Tulirudi Butiama mwezi wa saba mwaka huu. Nikahakikisha wanawake wapo. Nikamfunika mabegani kwa mikono yangu miwili, akashusha pumzi, akapitisha shavu kwenye sufu. Nilimwona. Kwa dakika moja alikuwa mzee tu aliyepata joto, na nusura niharibu kazi yangu yote kwa huruma.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mama. Bado kufunga."

Wifi yangu akaacha kupepeta mtama.

"Si ufunge."

"Nitafunga. Nangoja neno moja kwako."

"Neno gani?"

"Unalijua, mama. La siku ile."

Mama mkwe akautazama mkia, akaushika. Nilidhani atavuta. Nikiri kwamba nusu yangu iliomba avute, ili nimchukie mpaka kaburini bila kujiuliza maswali. Hakuvuta. Alikileta kile kitanzi karibu na macho, akapitisha mkia ndani yake, akafunga fundo. Juu ya fundo akafunga jingine, na jingine, kwa vidole vilevile vinavyofunga kamba ya ndama, hadi fundo likawa nene kama kidole gumba, limekaa pale begani kwenye kazi yangu safi.

"Siku ile ulikuwa hujafunga," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilishika tu, uzi ukaja. Nikavuta nione utasema nini. Ungesema, mama subiri, sijafunga, ningekurudishia palepale. Ukakaa unaniangalia mpaka ikaisha. Nikasema, huyu ana kiburi kuliko mimi. Nikautunza uzi. Miaka yote hii nangojaga useme."

Nilikuwa na majibu tayari kwa kila alichoweza kusema, isipokuwa hilo. Nilisimama nikaenda jikoni, nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, nikalia. Nililia kwa hasira, si kwa toba, watu wasinisingizie. Miaka kumi na minne nilijiona mwindaji, kumbe mwenzangu alikuwa amekaa upande wa pili na mtego wake mwenyewe, ananingoja.

Neno alilolingoja sikulisema. Nilirudi uani nikasaidia kupepeta mtama, yeye akanywa uji wake, tukaagana kwa heshima zote.

Sasa anaivaa kila mahali. Wifi yangu ananitumia picha kwenye simu: mama mkwe kanisani, mama mkwe kliniki, mama mkwe msibani, na kila picha fundo liko mbele, amelivuta makusudi lije kifuani lionekane. Watu wakimuuliza, anawajibu, "Kufuma kafuma mke wa mwanangu. Kufunga nimefunga mwenyewe." Amenishinda mbele ya wilaya nzima, na wanaonisalimia sokoni Bunda wananisalimia wakitabasamu.

Kwa hiyo nimekwenda tena Musoma. Yule mzee wa nyuzi alishafariki, duka analo binti yake, na damu ya mzee bado ipo. Ninamfumia nyingine. Hii nitaifunga nyumbani kwangu, mezani, mchana kweupe, na mkia nitauzamisha ndani ya mistari mpaka asiuone hata akivaa miwani ya daktari. Nitampelekea mbele ya wanawake walewale, nimwambie, mama, tafuta mwisho wake. Nitamwacha atafute. Na akishindwa kuupata, akiinua mikono akasema hauonekani, hapo ndipo nitamwambia kwamba siku ile sikufunga, na kwamba nilijua.

Jana wifi alipiga simu kusema kichomi kimemrudia, na safari hii hali chakula vizuri. Nimefika nusu. Nafuma nikipika, nafuma mezani kwangu hospitali, wateja wananingoja nimalize mstari. Akithubutu kufa kabla sijafunga, sitamsamehe.