Mamba Niliyemzoesha Mlio wa Debe

Admin, ukiposti haya usiache hata herufi moja ya jina langu, maana mtaa wetu ni mdogo na wanaofuata page hii ni wengi. Mimi ni dada wa miaka ishirini na sita, naishi upande wa Bamburi. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwenye machimbo ya zamani ambayo kikundi chetu kiliyapanda miti kikayafanya hifadhi. Mwenyekiti ni mamangu mzazi. Kuna ndege wa kila aina, na kuna bwawa lenye mamba mmoja jike, ambaye hasa ndiye watu huja kumwona.

Sheria ya kwanza ya kikundi ni kwamba mnyama halishwi. Naisema mimi mwenyewe kwa kila mgeni, kwa madaha yote. Lakini mamba alikuwa akijificha kutwa, wageni wanaondoka wamenuna, nami napenda kusifiwa, sikatai. Nikaanza kwenda peke yangu na matumbo ya kuku, nagonga debe, namrushia. Haukuisha mwezi, nikigonga tu anatoka. Wageni wakishangilia nawaambia, "Huyu ananijua." Nilijiona bingwa kweli.

Nilichosahau ni ng'ambo ya bwawa. Huko akina mama huteka maji ya kumwagilia miche, na madebe yao hugongana na mawe. Wiki mbili zilizopita mamba alitoka wakiteka, akamchukua mbwa aliyesimama karibu na mama mmoja. Niliposikia tu, nilijua alikuja kufuata nini.

Watu wakakusanyika wakitaka auawe. Jirani mmoja akauliza, "Nani amemzoesha huyu kulishwa?"

Mamangu akasimama. "Wallahi hakuna mwanachama wangu aliyemlisha. Yule mbwa alimchokoza. Na kama mwaniona mwongo, kuanzia kesho maji nitateka mimi, peke yangu, mwone."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, kimya. Najichukia kwa kile kimya.

Tangu siku hiyo nimeacha kumlisha, nikidhani atasahau. Kumbe sasa njaa ndiyo inamleta mbio. Nimemwomba mama niende mimi, amekataa, ati ameshaapa mbele ya watu. Nikisema ukweli, kiapo cha mamangu kitakuwa cha uongo, mamba atapigwa risasi, na hifadhi waliyoihangaikia miaka yote itafungwa kwa sababu yangu.

Jana nilimfuata mama bwawani. Hata hajatumbukiza debe, mamba alikuwa tayari ukingoni, macho juu ya maji, hatua chache kutoka miguuni pake. Nikamvuta mkono. Mama akanigeukia anatabasamu.

"Waona, mwanangu? Ashanizoea."

Ndugu zangu, kesho asubuhi anakwenda tena. Nianzie wapi kumwambia? Nishaurini upesi, kabla hajafungua mlango.