Kaseti Isiyo na Jina

Naikumbuka siku ile na wote waliokuwepo. Tulikuwa wanne tu sebuleni kwa Bi Zuhura, ghorofa ya sita, Hounslow, huku kwa Waingereza. Alikuwepo Bi Zuhura mwenyewe, jirani yetu wa Kipemba, mwenye mashine ya video peke yake katika jengo lile. Alikuwepo mdogo wangu Salum, wa miaka kumi na mitatu, na Mwanaidi, kitinda mimba wetu, wa miaka sita. Wa nne ni mimi kaka yao, niliyekuwa na miaka kumi na tisa na nikijiona mzee.

Mwanangu, baba alitutoka mapema, na mama hakukawia kumfuata. Niliacha shule nikaenda kuosha trei za chakula cha abiria wa ndege, ili wadogo zangu wasije wakagawanywa kwenye nyumba za watu. Sisemi hivyo nipewe sifa. Nasema ili ujue nilikuwa mchovu, na mtu mchovu hujiona ana haki ya kila kitu.

Tangu mama afe, Salum alikuwa wa "ndiyo" na "hapana" basi. Kilichomfungua mdomo ni mpira wa Kimarekani, ambao miaka ile ndiyo kwanza ulikuwa unaonyeshwa kwenye televisheni za hapa. Akawa anachora viwanja nyuma ya bahasha za bili, anapanga vijiti vya kiberiti mezani, anatueleza nani anamlinda nani. Sikuelewa hata robo. Lakini nilipenda kumsikia akisema.

Fainali yao kubwa ikawa Jumapili moja ya baridi kali. Mchana wao ni usiku wetu, na Jumatatu kuna shule. Bi Zuhura akasema, "Leteni kaseti, mashine itarekodi wenyewe tumelala." Salum alinijia nikiwa mlangoni, nafunga kamba za viatu niwahi basi la kazini.

"Kaka, nichukue kaseti gani?"

"Yoyote iliyoko kabatini isiyo na jina," nikamwambia, nikatoka.

Jumatatu nzima yule mtoto alishinda shuleni na vidole masikioni, asiambiwe nani kashinda. Jioni tukapanda kwa Bi Zuhura. Alikuwa amepika mkate wa kumimina, na kile kijumba kinanukia iliki hadi kwenye lifti. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki hunijia kwanza joto la sebule ile, kabla sijakumbuka mengine.

Salum akaitia kaseti. Ikaonekana meza ndefu yenye kitambaa cheupe, wanawake wawili wamevaa leso za sare, kigelegele kimoja kilichokatika katikati. Halafu, ghafla, uwanja wa majani na wanaume wenye kofia za chuma.

"Haya! Wanaume wazima, wamejifunga mito mabegani!" Bi Zuhura akacheka. "Na huu mpira wa miguu, mbona wanaushika kwa mikono?"

"Subiri, Bibi! Wana nafasi nne za kusogea yadi kumi. Wakishindwa, wananyang'anywa."

"Nafasi nne? Mume wangu nilimpa moja tu."

Salum akacheka mpaka akashika tumbo. Mwaka mzima sikuwa nimekisikia kicheko kile. Timu moja ilikuwa inawapiga wenzao kipigo ambacho wapenzi wa mchezo huo wanakisimulia mpaka leo. Kila wakifunga, Salum anaruka, na Mwanaidi naye anaruka asijue kwa nini.

Mimi sikuwa nautazama mchezo. Nilikuwa bado naitazama ile meza nyeupe. Ilikuwa ya harusi ya binti wa Bi Zuhura, na katika harusi ile mama alikuwepo, mzima, akiimba na wenzake. Picha za mama tulikuwa nazo mbili, zote za pasipoti, kanuna. Kaseti ile Bi Zuhura alitupa sisi mama alipofariki, na ndiyo pekee iliyokuwa na sauti yake.

Bi Zuhura aliinuka kwenda chumbani kusali Isha. Nami nikainuka.

"Salum, kaseti hii umeitoa wapi?"

"Kabatini. Haina jina, Kaka. Wewe ulisema isiyo na jina."

Nikaitoa kaseti kwenye mashine, nikauvuta ukanda wake kwa mikono miwili, pima kwa pima, kama mtu anayetoa matumbo ya samaki. Nikatoka hadi kwenye tundu la taka ukumbini, nikausukumiza wote chini, ghorofa sita. Kisha nikarudi, nikamwelekea Mwanaidi, si Salum, nikasema, "Muulize kaka yako. Amemfuta mama."

Mwanaidi alianza kulia. Salum hakulia. Alikaa, mkate wa kumimina mkononi, akarudi kule kwenye ukimya wake alikotoka.

Bi Zuhura alipotoka chumbani alitutazama mmoja mmoja. Nikamvuta ukumbini, mbali na wadogo, nikamweleza, nikitarajia anipoze.

"Kaseti ile lebo yake niliiandika mimi kwa mkono wangu," akasema. "Nani aliibandua?"

Niliibandua mimi, mwanangu. Mwanaidi alikuwa akiizungusha nyumba nzima, analala nayo, kila siku anataka apelekwe kwa Bibi akamwone mama. Nami sikuweza kumwona mama anaimba halafu niamke alfajiri nikaoshe trei. Basi nikaliondoa jina, nikaichanganya na nyingine, nisimwambie mtu.

"Mimi," nikasema.

"Na ile kaseti ilikuwa ya urefu wa saa nne, na harusi imeijaza mwanzo mwisho. Mpira ulipokwisha nilikuwa macho, nikaizima mashine kabla ukanda haujaisha. Bibi harusi anatolewa pale mwishoni kabisa, na anayemwimbia ni mama yako. Alikuwemo bado."

Tulishuka sote wawili, yeye kavaa koti juu ya kanga. Nililiinamia pipa kubwa lililo chini ya tundu la taka nikachakura kwa mikono. Ukanda niliupata umekatika vipande, umelowa, umegandamana na maganda ya matunda. Hapo ndipo Bi Zuhura aliponiambia, bila ya kupandisha sauti:

"Mkubwa ni jaa, mwanangu. Yeye ndiye hutupiwa taka, naye hunyamaza. Wewe umezichukua zako ukamtupia mdogo. Na umesema mbele ya mtoto. Basi kaliondoe neno lako mbele ya mtoto huyohuyo."

"Nitaliondoa, Bibi."

Nilikuwa nangoja Mwanaidi atulie. Kisha nikangoja akue. Kisha akaolewa, akazaa, na Bi Zuhura tukamzika. Salum hakuchora tena kiwanja.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa Mwanaidi, Woolwich, kwenye futari. Mjukuu wake akauliza kwa Kiingereza chao, bibi mkubwa, yaani mama yetu, alikuwa na sauti gani? Mwanaidi akasema, "Ilikuwepo kwenye video, babu yenu Salum akarekodi mpira juu yake." Watu wakacheka, maana ni zamani. Salum naye akacheka, nywele zote nyeupe, akainamia sahani yake: "Utoto, jamani. Nilikuwa mjinga." Mimi niliomba nipitishiwe maji.

Mwanangu, hasira huisha jioni ileile, ila aliyepigwa nayo huibeba mpaka uzeeni. Ukiwa mkubwa wa nyumba, kabla hujauliza nani kakosa, jiulize wewe ulificha nini. Ukimwonea mdogo wako, usingoje akue ndipo umwombe radhi. Mwombe angali mfupi, uiname. Na kosa lililosemwa hadharani halisafishwi kwa kunong'ona. Mungu akupe moyo mpana na ulimi mzito, awaweke ndugu zako karibu nawe, akujaalie kusema kweli ungali na wa kumwambia.

Salum yupo Thamesmead, vituo vichache vya basi kutoka kwa dada yake. Mwanaidi bado anaamini ni Salum aliyempoteza mama. Sijamwambia.