Usiguse Mafuta

Kanisani kwetu, chini kidogo ya Golbanti, betri ya gari yangu ni ya watu wote. Stima ya kutegemea hatuna, na siku ya ibada ya mavuno tunakaa nje chini ya turubai, na kwaya haiwezi kusikika bila spika. Kwa hivyo mzee wa kanisa hunijia asubuhi na spana mkononi, ananiambia, "Mama, tumekuja kuchukua sadaka yako," nami nafungua boneti. Nimefanya hivyo tangu gari yangu ya kwanza. Betri inarudi jioni, inafungwa, gari inawaka, na kesho yake napakia ndizi naenda Garsen sokoni.

Ile gari ya kwanza ilikuwa ya kizamani. Ukikanyaga mafuta waya unavuta, injini inanguruma, basi. Hii ya sasa ni otomatiki, na nilikuwa sijakaa nayo sana. Waya haina. Nilipoikabidhi betri Jumapili ile ya mavuno, na jioni ikarudishwa ikafungwa, sikuwaza kitu chochote.

Jumatatu asubuhi binti yangu alishikwa na uchungu. Alikuwa amerudi kwangu kuzaa, kama mzazi wa kwanza anavyorudi kwa mamake. Mama mkwe wangu, ambaye amezalisha nusu ya kijiji, aliingia chumbani akatoka haraka. Mikono alikuwa ameifuta lakini damu ilikuwa imebaki kwenye kucha.

"Hii si yangu," aliniambia. "Hii ni ya daktari. Mpeleke hospitali Ngao sasa hivi."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Tulipiga simu ya ambulensi, tukaambiwa imekwenda upande wa pili na mgonjwa mwingine, tusubiri. Pikipiki haingefaa, msichana hakuweza hata kukaa. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya nyanyake, na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akakaa mbele na mimi.

Nikapiga stata. Injini ikawaka, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikazima.

Nikapiga tena. Ikazima tena.

"Ipe mafuta!" shemeji akasema.

Nikaipa. Ikanguruma. Nikiachia tu, inashuka, inakufa. Nikajaribu kwenda hivyo hivyo, mguu mmoja kwenye mafuta na mmoja kwenye breki. Tulifika kwenye mti wa mkwaju nje ya boma, nikapunguza mwendo kwa sababu ya shimo, na gari ikazima papo hapo. Usukani ukawa mgumu kama jiwe, gari ikasimama kwa mshtuko, na mtoto wangu akapiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka nasimamisha kazi niliyo nayo.

"Unaniua," alisema. "Mama, unaniua."

Na mbele yetu, kabla ya kufika barabara kuu ya kwenda Ngao, kulikuwa na lile bonde ambalo mto ukijaa, maji hulala juu ya njia. Wakati huo yalikuwepo, ya kufika nusu ya gurudumu. Hapo lazima uende polepole. Gari ikizima ndani ya maji, bomba la moshi linakunywa maji, na safari imeishia hapo. Hilo kila mtu ndani ya gari alilijua.

Shemeji akashuka. Shambani kwake ana mashine ya kuvuta maji ya mto kwa migomba, na ile mashine ikianza kukohoa yeye huufunga mkono wa mafuta kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, inakaa juu siku nzima. Akarudi na kijiti amekikata, akainama miguuni pangu na kukibana kati ya kiti na pedeli. Nikapiga stata, na injini ikapiga kelele.

"Haya, hiyo haizimi tena," akasema, anapangusa mikono. "Tia gea twende."

"Nikitia gea hapo tutaruka mpaka mtoni, shemeji."

"Shika breki!"

"Gari hii si mashine yako ya maji."

"Injini ni injini."

Nikakitoa kile kijiti nikakitupa nje. Injini ikafa. Alinitazama kama nimemkata mkono.

Nikachukua simu nikapanda tuta la kuzuia mafuriko, kwa sababu ndipo mtandao unapopatikana, nikampigia fundi wangu wa Garsen. Namshukuru Mungu alishika mara moja.

"Betri imetolewa?" aliuliza hata kabla sijamaliza.

"Jana. Ilikuwa ya kanisa."

"Basi gari imesahau, mama."

"Imesahau nini?"

Akanieleza mbiombio. Pale injini inapovutia hewa kuna kijilango, wao mafundi wanakiita throto. Gari kama yangu, kijilango kinafunguliwa na kompyuta, si na mguu. Kompyuta inakumbuka ikiache wazi kiasi gani wakati gari imesimama, hasa kikiwa kimeshika uchafu. Ukitoa betri, kumbukumbu inapotea. Inabidi kuifundisha upya.

"Zima kila kitu," alisema. "Redio, taa, feni. Washa swichi, usipige stata. Subiri. Zima. Subiri tena. Halafu piga stata bila kugusa mafuta, uiache. Itatetemeka, itataka kufa. Iache. Ikifa, washa tena. Iache mpaka ipate moto na feni ya redieta izunguke yenyewe. Ndipo utie gea, mguu kwenye breki."

"Kwani itachukua muda gani? Nina mzazi anavuja damu."

"Mama, ningekuwa na njia fupi ningekupa. Usiguse mafuta. Hata watu wakikupigia kelele. Ukigusa inajifunza uongo, uanze upya."

Nikashuka lile tuta. Katika masomo ya jioni, tulipokuwa watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, mwalimu alikuwa akituambia tusome swali lote kabla ya kushika kalamu. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kalamu wa kwanza. Mimi si mtu wa kungoja. Wanaonijua wanajua.

Nikaingia ndani. Nikazima redio, nikazima feni. Nikawasha swichi. Taa za dashibodi zikawaka. Nikaipandisha miguu yangu yote miwili, nikaikunja juu ya kiti kama mtu aliye mkekani, kwa sababu sikuuamini mguu wangu wa kulia. Sikujua fundi alimaanisha nini kwa kusubiri, kwa hivyo nikasoma Baba Yetu, polepole, mpaka mwisho. Nikazima. Nikaisoma tena. Nikapiga stata.

Ikatetemeka gari nzima. Vioo vikalia.

"Inakufa hiyo," shemeji akasema. "Shemeji, inakufa. Kanyaga!"

"Sikanyagi."

"Mtoto anavuja damu nyuma, wewe umekunja miguu?"

"Nimeambiwa nisiguse."

"Umeambiwa na nani? Na huyo wa Garsen? Yeye yuko hapa?"

Ikafa. Shemeji akapiga dashibodi kwa kiganja. Nikapiga stata tena, miguu juu. Safari hii iliyumba, ikashuka, nikaona mshale wa kasi ya injini unakwenda chini kabisa, nikafumba macho. Ikajishika. Ikapanda kidogo. Ikashuka tena.

Huko nyuma mama mkwe alikuwa akizungumza na msichana kwa Kipokomo, sauti ya chini, ile anayotumia kwa watoto wadogo. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, leso ya pili imelowa."

Hakuniambia nikanyage. Hakuniambia nisikanyage. Alitaka nijue tu. Na mimi nilikuwa na mguu ambao kila mshipa wake ulitaka kushuka. Niliushika kwa mikono miwili kwenye kifundo. Niliomba, lakini si maombi ya kanisani. Nilisema, Bwana, nishikie huu mguu, mimi nimechoka nao.

"Sasa tunaombea kabureta," shemeji akasema.

"Haina kabureta," nikasema.

"Ndiyo maana haitembei."

Nyanya akacheka. Sijui ilimtoka vipi. Alicheka mara moja, kwa pua, na msichana naye akasema kwa sauti nyembamba, "Baba mdogo, nyamaza jamani," na kile kicheko na ile sauti vilinipa nguvu kuliko kitu chochote asubuhi ile. Angalau alikuwa bado anasikia.

Mshale wa moto ukapanda. Kutetemeka kukapungua. Sikuthubutu kuamini. Halafu mbele, ndani ya boneti, nikasikia feni ya redieta imeanza kuzunguka. Injini ikashuka, na kabla sijapumua ikajipandisha yenyewe ikakaa. Ikanguruma taratibu, kama siku niliyoinunua.

Nikashusha miguu. Nikakanyaga breki, nikatia gea. Haikuzima.

"Twende," shemeji akasema, safari hii kwa upole.

Tulifika bondeni. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, na njia ilionekana tu kwa vichaka vya pande zote mbili. Nikaingia polepole. Tulipofika katikati, ng'ombe wakatokea upande wa kushoto. Si wawili, kundi zima la mifugo ya Waorma, mapembe yamejaa mbele ya kioo, wanavuka kufuata majani ya upande wa mto. Sikuwa na pa kupita. Nikasimama, maji yanapiga milango.

Mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Feni ikaanza tena. Niliisikia injini ikishuka, ikishuka, na gari ikatikisika mara moja.

Shemeji alikuwa ameshika mkono wa mlango, ametazama pedeli ya mafuta kama mtu anayetazama nyoka, na midomo inacheza. Nadhani hata yeye alikuwa akiomba.

Ikajishika.

Nikashusha kioo. Mchungaji wa wale ng'ombe alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, fimbo mabegani.

"Baba, nina mzazi! Nipe njia!"

"Mama, ng'ombe hawapendi honi," akasema. "Usipige."

"Sipigi. Lakini nipe njia, kwa ajili ya Mungu."

Akaja mpaka dirishani, akatazama nyuma, akaona zile leso. Uso wake ukabadilika. Akapiga mluzi mrefu, akaita kwa Kiorma, akaingia mwenyewe katikati ya mapembe, anasukuma kwa mabega, anapiga migongo kwa kiganja. Ng'ombe wakagawanyika kama nguo inayochanwa. Katikati pakabaki njia ya gari moja.

"Pita, mama! Allah awape salama!"

Niliachia breki, na gari ikatembea yenyewe, kwa ile ngurumo yake ndogo, maji yakifunguka mbele. Mafuta sikugusa mpaka magurudumu yalipopanda mchanga mkavu. Hapo nikakanyaga, na nilikanyaga mpaka Ngao.

Walimpokea mlangoni kwa kitanda cha magurudumu. Nyanya akaenda naye, mkono haujaachia mkono. Mimi nilizuiwa kwenye mlango wa ndani wa rangi ya kijani. Nikakaa kwenye benchi, damu imekauka kwenye leso yangu, sijui hata ilifikaje huko.

Muda mrefu baadaye nesi alitoka. Alikuwa mwanamke wa rika langu.

"Wewe ndiye mama yake?"

Nikasimama.

"Tumempasua. Ameongezwa damu. Amechoka sana, lakini yupo. Mtoto ni wa kike, analia sana." Akatabasamu kidogo. "Na ile gari mlangoni ni yako? Tangu mlipofika inanguruma tu. Tunahitaji nafasi ya ambulensi."

Nikatoka nje. Shemeji alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wa dereva uko wazi, mikono ameikunja mgongoni.

"Kwa nini hukuizima?" nikamuuliza.

"Niliogopa kuigusa," akasema. "Wamesemaje?"

"Wazima. Wote wawili."

Akachutama pale pale kwenye kivuli cha gari, akajifunika uso. Nikaingia, nikakaa, nikazungusha ufunguo. Ngurumo ikakatika. Kutoka dirisha la wodi nikamsikia mjukuu wangu, ana sauti kubwa kuliko kwaya.