Mishono Iliyolalia Kushoto

Bi Shoto hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na washonaji wenzake, siku ya kwanza walipomwona akishika sindano kwa mkono wa kushoto, naye akalipokea bila kununa, maana lilikuwa afadhali kuliko yale aliyoitwa shuleni. Sasa alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, mwenye cherehani mbili sebuleni na mgongo uliomsumbua kila alipoinama kutunga uzi. Kutarizi ndiko kulikomlisha yeye na watoto wake watatu, na mpaka leo hakujamchosha.

Chama chao cha washonaji kilipopanga safari ya siku mbili kwenda mji wa jirani kuangalia vitambaa vya kale, ufinyanzi na michoro, yeye ndiye aliyejiandikisha wa mwisho. Mwenyekiti alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kuwatosha watu wawili.

"Wifi, unakwenda," alimwambia. "Mgongo utauma ukiwa hapa, utauma ukiwa kule. Heri uume huku unaona vitu."

Wakaenda wanawake kumi na wawili. Asubuhi ya kwanza walipita kwa mfinyanzi, na wifi akakazania kukaa mwenyewe kwenye gurudumu. Bakuli lake lilisimama kidogo, likayumba, kisha likalala ubavu kama mtu aliyezimia. Bi Shoto alicheka mpaka akashika mbavu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipocheka hivyo ilikuwa lini.

Mchana wakafika nyumba ya sanaa. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, kongwe, sakafu yake ya mbao ikilia kila hatua, madirisha yamezibwa kwa karatasi nene ili jua lisipaushe vitambaa. Mtunzaji wake aliwapokea mlangoni: mwanamke wa makamo, mpole, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliwaonyesha mikeka, masanduku ya nakshi, picha zilizochorwa juu ya ngozi. Kisha akawaingiza chumba cha ndani, akasema kwa sauti ya chini, kama anayemtambulisha mama yake mzazi:

"Na huyu ndiye malkia wetu."

Nyuma ya kioo lilining'inia pazia la kitani, pana kama mlango wa mabawa mawili. Matawi ya mkomamanga yalipanda kutoka pembe nne yakakutana katikati, na kati ya matawi walitua ndege wawili wawili, kwa uzi wa hariri uliofifia.

Bi Shoto akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Lina miaka mia moja na sitini," mtunzaji alisema. "Lilishonwa na bibi mwenye nyumba kubwa ya hapa mjini, na ukoo wake ndio waliotukabidhi. Tunajuaje kuwa ni yeye? Sogeeni. Mnaona mishono ilivyolala? Mishono ya mtu wa kulia huinamia kulia. Hii yote imelalia kushoto. Na picha ya bibi huyo ipo, ameshika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nimelifanyia kazi pazia hili miaka tisa. Nimeliandikia kitabu."

Wanawake wakapiga makofi. Wifi akapaza sauti: "Basi ni mwenzake Bi Shoto wetu huyo! Wifi, njoo umwone ndugu yako!"

Wote wakageuka. Bi Shoto akatabasamu kwa midomo tu. Alikwisha kumwona ndege wa tatu upande wa chini, yule mwenye shingo nene kuliko wenzake. Shingo ile aliinenepesha mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu alikosea kuhesabu nyuzi na akaogopa kufumua.

Wakati ule alikuwa anajifunza kazi kwa mama mkubwa wake, dada wa mama yake, aliyekuwa na karakana ya kutarizi iliyoheshimiwa na matajiri. Nyumba kubwa iliwaletea pazia la kale lisafishwe na kushonwa pindo, kisha wenyewe wakasafiri, wasirudi mpaka mwaka ule uishe. Siku moja Bi Shoto alikuwa akilinyoosha. Pasi zilikuwa za mkaa. Kaa moja likaruka, yeye akageuka kumjibu mtu mlangoni, na aliporudisha macho moto ulikuwa umekwisha kutafuna katikati, mahali matawi yalipokutana.

Alingoja kipigo. Mama mkubwa hakumgusa. Alikaa chini, akalitazama tundu, kisha akasema: "Utalishona upya. Lote. Mpaka macho ya mwenyewe yasijue."

Alilishona miezi kumi na mmoja, la zamani limelazwa kando yake, anachungulia na kuiga. Lilipokwisha, mama mkubwa alilitia kwenye maji ya majani ya chai, akalianika, akalitia tena, mpaka likazeeka. La zamani alilikata vipande akavichoma jikoni. Moshi ulipokwisha akamshika mkono. "Hili tumelizika mimi na wewe. Ukifungua mdomo, umenizika na mimi." Nyumba kubwa walilichukua pazia wakashukuru. Mama mkubwa alikwisha kufariki zamani. Bi Shoto hakufungua mdomo, hata kwa mumewe.

Jioni ile kwenye nyumba ya wageni wenzake walichora ndege kwenye daftari ili wakaige nyumbani. Mmoja alimwomba amsahihishie shingo. Bi Shoto akasema kichwa kinamuuma.

Asubuhi, wenzake wakijiandaa kwenda kwa mchonga vinyago, alipiga moyo konde akarudi peke yake nyumba ya sanaa. Mtunzaji alikuwa ofisini, chumba kidogo chenye masanduku mpaka darini. Alifurahi kumwona.

"Karibu mama. Umesahau kitu?"

"Laiti ningesahau," alisema Bi Shoto. Akabaki amesimama, akaeleza yote, tangu kaa lilivyoruka mpaka moshi wa jikoni.

Mtunzaji akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kumvunjia heshima mtu mzima. "Mama, watu hufananisha. Kazi za mkono hufanana."

"Nipe sindano, mwanangu."

Akapewa sindano, uzi na kipande cha kitani. Akaketi, akashona jani moja la mkomamanga na shingo ya ndege, bila kuchora, bila kuangalia popote. Mtunzaji alivaa miwani. Akatoka na kile kipande, akaenda chumba cha ndani, akakaa huko kitambo. Aliporudi uso wake ulikuwa umepauka.

"Miaka tisa," alisema. Kisha, polepole: "Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi nakuomba, mama. Watu wa ukoo ule bado wapo. Kitabu kimeshatoka. Watoto wa shule wanaletwa hapa kila wiki. Nakuomba tu ukae kimya."

Bi Shoto alihisi kama ameshikwa tena mkono, pale pale jikoni. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, maneno hayo nimeyabeba miaka arobaini na miwili. Sikuja kukutia aibu. Lakini siwezi kuyabeba mara ya pili. Sema wewe, kwa namna yako. Usiposema, nitasema mimi."

Mtunzaji hakumsindikiza.

Kwenye gari la kurudi alimnong'oneza wifi yake yote hayo. Wakishusha mizigo mjini kwao ndipo wifi aliposema: "Umenifurahisha sana, wifi. Mwaka mzima napanga safari, kumbe nimepeleka watu kwenda kumfumania wifi yangu." Alitaka uwe mzaha, lakini sauti ilikuwa kavu, na wiki mbili hakupita nyumbani kwa Bi Shoto.

Mtunzaji alisema. Ilimchukua miezi miwili. Pazia likashushwa, kitabu kikaondolewa mezani, na ukoo wa nyumba kubwa wakaandika barua kali wakidai bibi yao amechafuliwa na fundi anayetafuta sifa. Habari zilipofika mtaani, wapo waliompongeza Bi Shoto kama aliyeshinda tuzo, jambo lililomkera zaidi, na wapo waliosema amemvua nguo mama mkubwa wake kaburini. Wateja wawili wa zamani walipeleka kazi zao kwingine.

Kisha mtunzaji akampigia simu. Sauti haikuwa ya urafiki wala ya ugomvi.

"Uje, mama. Lile la kwanza hatuna picha yake wala mchoro. Hakuna mtu aliye hai aliyelitazama kwa karibu isipokuwa wewe. Nataka unieleze lilivyokuwa, niliandike."

Akaenda, na wifi akaenda naye, amebeba mto wa kumwekea mgongoni, bila kueleza kwa nini amekuja. Wakaketi mezani, pazia limetandazwa mbele yao bila kioo. Mtunzaji akafungua daftari.

"Tuanze hapa chini. Ndege hawa, kwenye lile la zamani walikuwa wanatazamana?"

"Walitazamana," alisema Bi Shoto. Akanyoosha kidole, akakirudisha. "Au walipeana mgongo. Hawa wa pembeni ndio waliotazamana."

"Na komamanga? Yalikuwa yamepasuka hivi?"

Alifumba macho kulitafuta lile la kwanza, lile lililolala kando yake miezi kumi na mmoja. Kila alipolifikia, lilikuwa na mishono ya mkono wake mwenyewe.

"Sijui," alisema mwishoni. "Mwanangu, sijui tena."

Mtunzaji akaandika hivyo hivyo, kisha akageuza ukurasa akauliza juu ya majani.